SOMO LA 12: KUTOKA DAR ES SALAAM HADI MUMBAI KWA NDEGE



Katika masomo yaliyopita umejifunza kupima shamba kwa meta na kupima mzigo kwa kilo. Leo tutapima safari. Tutaipima safari ndefu ya ndege, kutoka Dar es Salaam hadi mji wa Mumbai, nchini India.

Huenda ukauliza: "Mimi ni mkulima wa mlimani. Safari ya ndege inanihusu nini?"

Inakuhusu. Wako wagonjwa wa Tanzania wanaokwenda India kutibiwa moyo, figo au saratani. Wako vijana wanaokwenda huko kusoma. Wako mahujaji wanaokwenda Makka. Mmoja wao anaweza kuwa mtoto wako, au ndugu yako, au wewe mwenyewe. Siku hiyo utaishika tiketi mkononi. Tiketi ina tarakimu nyingi. Asiyejua kuzisoma anaweza kufika uwanjani akakuta ndege imekwisha ondoka. Nauli yake inaweza kupotea. Kwa mgonjwa, hata siku aliyopangiwa na daktari hupotea pamoja na nauli.

Kwa hiyo leo tutajifunza mambo manne:

1. Umbali wa angani ni nini.
2. Jinsi ya kukadiria muda wa safari.
3. Kwa nini saa ya Mumbai si sawa na saa yetu.
4. Jinsi ya kusoma saa na siku kwenye tiketi.

UMBALI WA ANGANI

Tuanze hapa nyumbani. Ukisimama mjini Morogoro na kutazama Milima ya Uluguru, Mgeta iko nyuma ya milima hiyo. Mwewe akiruka moja kwa moja juu ya milima, safari yake ni kama kilometa 25 tu.

Gari haliwezi kufanya hivyo. Linafuata kwanza barabara ya Iringa. Kisha linakata kushoto, linapita Mzumbe na Mlali, ndipo linaanza kupanda kona kwa kona. Njia ya gari ni ndefu kuliko njia ya mwewe, kwa sababu gari huzunguka mlima.

Njia ya mwewe ndiyo tunayoiita umbali wa angani. Ndege husafiri karibu na njia hiyo. Hupaa juu meta 10,000 au zaidi. Kilele cha Kimhandu, ambacho ni kirefu kuliko vyote katika Uluguru, kina meta zaidi ya 2,600. Basi ndege hupita juu karibu mara nne ya kilele hicho. Hakuna mlima wa kuuzunguka wala mto wa kutafutia daraja.

Tazama mfano huu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,100. Kwa angani ni karibu kilometa 850. Mji ni ule ule, lakini njia ni mbili.

Kutoka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi uwanja wa ndege wa Mumbai, umbali wa angani ni karibu kilometa 4,700. Ni zaidi ya mara tano ya umbali wa Mwanza. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni bahari tupu, Bahari ya Hindi.

Zamani watu wa pwani walivuka bahari hii kwa majahazi. Walingoja upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka India na Uarabuni. Kusi iliyarudisha. Safari ilichukua wiki kadhaa, na aliyekosa upepo alikaa miezi akingoja. Mwaka 2019 Shirika la Ndege Tanzania lilianza safari za kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai.

KUKADIRIA MUDA WA SAFARI

Kabla ya kuendelea, tutenganishe maneno mawili. Tukisema "saa 6 mchana" tunataja wakati wa siku. Tukisema "muda wa saa 6" tunataja urefu wa safari. Katika somo hili, kila tunapotaja urefu wa safari tutaandika neno "muda".

Ndege kubwa ya abiria ikiwa imetulia angani hukimbia karibu kilometa 850 kwa saa moja. Lakini haiondoki kwa mwendo huo. Kwanza hutambaa uwanjani. Kisha hupaa polepole. Mwisho hupunguza mwendo ili itue. Kwa hiyo tunatumia kanuni hii:

Gawa umbali kwa 850. Kisha ongeza nusu saa.

Tuijaribu kwa safari ya Mwanza:
850 gawa kwa 850 ni 1.
Muda wa saa 1 ongeza nusu saa.
Jibu: muda wa saa 1 na nusu.

Sasa safari ya Mumbai. Umbali ni kilometa 4,700.
850 mara 5 ni 4,250.
Toa 4,250 katika 4,700. Zinabaki kilometa 450.
450 ni zaidi kidogo ya nusu ya 850. Tuseme ni nusu saa.
Basi ni muda wa saa 5 na nusu. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua.
Jibu: karibu muda wa saa 6.

Haya ni makadirio. Upepo wa juu unaweza kuisukuma ndege mbele au kuizuia. Lakini sasa mtu akikuambia kwamba ndege ya moja kwa moja huchukua muda wa saa 15 kufika Mumbai, utajua kwamba hasemi kweli.

Angalia neno "moja kwa moja". Ndege nyingine hupitia kwanza mji mwingine, na abiria hushuka na kupanda ndege ya pili. Tuseme tiketi yako inapitia Addis Ababa, nchini Ethiopia. Dar es Salaam hadi Addis Ababa ni karibu kilometa 1,760. Addis Ababa hadi Mumbai ni karibu kilometa 3,840. Jumla ni kilometa 5,600. Umeongeza kilometa 900.

Muda nao unaongezeka. Ndege ya kwanza ni karibu muda wa saa 2 na nusu. Ya pili ni karibu muda wa saa 5. Kati yake kuna kungoja. Ukingoja kwa muda wa saa 3, jumla ni muda wa saa 10 na nusu. Tiketi ya namna hii inaweza kuwa ya bei nafuu. Kijana mwenye nguvu anaweza kuichukua bila shida. Lakini mgonjwa asiyeweza kukaa kitako muda mrefu afikiri kwanza, na amwulize daktari wake.

JUA HALIWATOKEI WATU WOTE PAMOJA

Watu wa Uluguru wanalijua jambo hili. Asubuhi jua huwaangazia kwanza watu wa Kinole na Matombo, walio upande wa mashariki wa milima. Wakati huo upande wa Mgeta bado uko kwenye kivuli. Jua ni lile lile, lakini mlima umelikinga.

Duniani mambo hufanana na hayo. Dunia ni mviringo, nayo hujizungusha. Upande unaoelekea jua ni mchana. Upande wa pili uko kwenye kivuli cha dunia yenyewe, na huko ni usiku. Watu walio mashariki yetu huliona jua mapema kuliko sisi.

Mumbai iko mashariki yetu, mbali sana. Jua likichomoza kwetu, kwao limekwisha panda. Kwa hiyo saa ya India iko mbele ya saa ya Tanzania kwa saa 2 na nusu. Kwetu ikiwa saa 2 usiku, kwao ni saa 4 na nusu usiku. Kumbuka hivyo unapotaka kumpigia simu mgonjwa wako. Ukimpigia kwetu saa 4 usiku, utamwamsha saa 6 na nusu usiku.

Je, kila mji ulio mbali una saa tofauti na yetu? Hapana. Tazama Jeddah, nchini Saudi Arabia, mahali wanapotua mahujaji wengi. Umbali wake kutoka Dar es Salaam ni karibu kilometa 3,200. Lakini Jeddah iko kaskazini yetu, karibu moja kwa moja. Haiko mashariki wala magharibi. Basi saa ya Jeddah na saa ya Dar es Salaam ni moja. Saa hubadilika ukienda mashariki au magharibi. Ukienda kaskazini au kusini tu, kwa kawaida haibadiliki.

KUSOMA SAA KWENYE TIKETI

Sisi huhesabu saa kuanzia asubuhi jua linapochomoza, na tena kuanzia jioni linapokuchwa. Tiketi huhesabu kuanzia katikati ya usiku, tangu 00:00 mpaka 23:59. Usiposahau kanuni tatu zifuatazo, hutapotea.

Kwanza: kuanzia 07:00 mpaka 18:59, toa 6.
07:00 ni saa 1 asubuhi.
12:00 ni saa 6 mchana.
16:00 ni saa 10 jioni.

Pili: kuanzia 19:00 mpaka 23:59, toa 18.
19:00 ni saa 1 usiku.
22:00 ni saa 4 usiku.

Tatu: kuanzia 00:00 mpaka 06:59, ongeza 6.
00:30 ni saa 6 na nusu usiku.
04:00 ni saa 10 alfajiri.
06:00 ni saa 12 asubuhi.

Hapa pana hatari mbili. Zisome polepole.

Hatari ya kwanza ni ya saa. Tiketi imeandikwa 04:00. Mtu anaona tarakimu 4, anasema, "Ni saa 4 asubuhi." Anafika saa 4 asubuhi. Kumbe ndege iliondoka saa 10 alfajiri, muda wa saa 6 uliopita.

Hatari ya pili ni ya siku. Nayo huwapata hata watu waliosoma. Tiketi imeandikwa: Jumatano, 00:30. Mtu anajua vizuri kwamba 00:30 ni saa 6 na nusu usiku. Basi anangoja Jumatano usiku. Amechelewa kwa siku nzima! Kwa tiketi, Jumatano huanza mara tu saa 6 ya usiku inapogonga. Sisi tungeuita usiku huo "usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano". Abiria huyu alitakiwa awe uwanjani Jumanne jioni.

Ukiona saa ya tiketi inaanza na 00, 01, 02, 03, 04 au 05, simama. Uliza: "Ni usiku wa kuamkia siku gani?" Kuuliza si ujinga.

SAA YA KUFIKA NI SAA YA WENYEJI

Kuna jambo moja zaidi. Saa ya kuondoka iliyoandikwa ni saa ya mji unaotoka. Saa ya kufika iliyoandikwa ni saa ya mji unaokwenda. Tuchukue mfano wa kufanyia hesabu.

Kwenda: ndege inaondoka Dar es Salaam Jumanne 16:00. Inafika Mumbai Jumatano 00:30.
Kurudi: ndege inaondoka Mumbai 06:00. Inafika Dar es Salaam 09:30 siku hiyo hiyo.

Mtu akitoa haraka haraka ataona kwamba safari ya kwenda ni muda wa saa 8 na nusu, na ya kurudi ni muda wa saa 3 na nusu. Atasema, "Ndege ya kurudi ina mbio sana!" Sivyo.

Safari ya kwenda: saa 10 jioni ongeza muda wa saa 6, ni saa 4 usiku kwa saa ya Dar es Salaam. Saa ya Mumbai iko mbele kwa saa 2 na nusu. Kwa hiyo wenyeji wa Mumbai wanasema ni saa 6 na nusu usiku. Ndiyo 00:30.

Safari ya kurudi: saa 12 asubuhi ongeza muda wa saa 6, ni saa 6 mchana kwa saa ya Mumbai. Rudisha nyuma saa 2 na nusu. Kwetu ni saa 3 na nusu asubuhi. Ndiyo 09:30.

Safari zote mbili ni muda wa saa 6. Saa za ukutani ndizo zilizotofautiana.

MGONJWA NA DAWA ZAKE

Hesabu hii inamfaa sana mgonjwa. Tuseme anameza dawa kila baada ya muda wa saa 12: saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Ameondoka Dar es Salaam saa 10 jioni. Ikifika saa 2 usiku kwa saa yetu, bado yuko angani. Kwa hiyo dawa ziwe kwenye mfuko wa mkononi, pamoja na karatasi ya daktari. Zisiwekwe kwenye sanduku kubwa, kwa sababu sanduku hilo husafiri chini ya ndege, na hawezi kulifikia.

Asubuhi ya pili yuko Mumbai. Saa ya ukutani inasema ni saa 2. Lakini kwa saa ya Tanzania bado ni saa 11 na nusu alfajiri. Muda wa saa 12 haujatimia. Utatimia kwa Mumbai ikiwa saa 4 na nusu asubuhi. Kabla ya safari, mwulize daktari au mwuguzi: "Dawa hizi nitazimeza saa ngapi huko?" Mwandike jibu lake.

KUHESABU KUTOKA MWISHO

Sasa tujue saa ya kutoka nyumbani. Hapa tunahesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Ndege inaondoka saa 10 jioni. Kwa safari ya nchi za nje, abiria awe uwanjani muda wa saa 3 kabla. Saa 10 toa 3: awe uwanjani saa 7 mchana.

Basi la Morogoro huishia kituo cha Magufuli, Mbezi. Kutoka hapo hadi uwanja wa ndege weka muda wa saa 2, maana magari ni mengi jijini. Saa 7 toa 2: awe Mbezi saa 5 asubuhi.

Kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam ni karibu kilometa 190. Njia ina msongamano Chalinze, Mlandizi na Kibaha. Weka muda wa saa 5. Saa 5 toa 5: aondoke kituo cha Msamvu saa 12 asubuhi.

Je, mtu wa Mgeta, Kinole au Matombo anaweza kuamka kwake siku hiyo hiyo akawahi saa 12 asubuhi Msamvu? Wakati wa masika, barabara ya mlimani huteleza. Asijaribu. Ashuke siku moja kabla, alale mjini.

Tangu mwaka 2024 kuna pia treni ya umeme kati ya Morogoro na Dar es Salaam. Hiyo huchukua karibu muda wa saa 2. Lakini nayo ina tiketi yenye saa zilizoandikwa kama za ndege. Kanuni ni zile zile tatu.

Basi umeona, ndugu msomaji. Ndege huvuka kilometa 4,700 kwa muda wa saa 6. Kutoka kijijini mpaka mlango wa ndege, mtu wa Uluguru hutumia siku nzima na zaidi. Hesabu ya safari inaanzia mlangoni kwako.

MANENO YA KUKUMBUKA

Umbali wa angani: urefu wa njia iliyonyooka kati ya mahali na mahali.
Muda: urefu wa wakati kutoka mwanzo hadi mwisho wa jambo.
Kukadiria: kutafuta jibu lililo karibu na kweli.
Kuamkia: kuelekea asubuhi ya siku fulani.

MASWALI

1. Kwa nini njia ya gari kwenda Mgeta ni ndefu kuliko njia ya mwewe?
2. Dar es Salaam hadi Jeddah ni kilometa 3,200. Kadiria muda wa safari ya ndege.
3. Ndege ya Jeddah ikiondoka Dar es Salaam 20:00, itafika saa ngapi? Jibu kwa saa zetu.
4. Tiketi inasema: Ijumaa, 01:30. Abiria awe uwanjani siku gani, saa ngapi?
5. Kwetu ni saa 7 mchana. Mumbai ni saa ngapi?

MAJIBU

1. Gari huzunguka mlima. Mwewe hupita juu yake.
2. Karibu muda wa saa 4 na robo.
3. Karibu saa 6 na robo usiku. Saa ya Jeddah ni sawa na yetu.
4. Alhamisi, saa 4 na nusu usiku. Ndege huondoka saa 7 na nusu usiku wa kuamkia Ijumaa.
5. Saa 9 na nusu alasiri.

KAZI YA KIKUNDI

Kaeni watu wanne au watano. Chagueni saa ya ndege, kwa mfano 10:00 asubuhi au 23:00 usiku. Hesabuni kutoka mwisho, mpaka mpate saa na siku ya kutoka kijijini kwenu. Kila mmoja aandike jibu lake katika daftari. Kisha linganisheni majibu. Yakitofautiana, msimfuate mwenye sauti kubwa. Rudieni hesabu pamoja, hatua kwa hatua.